Mwalimu Naye Huchoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Afya ya Akili ya Walimu na Wafanyakazi wa Shule

Baadhi ya maswali haya huulizwa hadharani kwenye vikao vya walimu. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, baada ya wenzake muulizaji kuondoka. Hayo ya mlangoni ndiyo yamepewa nafasi kubwa zaidi hapa.

Nitajuaje kama nimechoka tu au kuna jambo zaidi?

Angalia mapumziko yanakufanyia nini. Uchovu wa kawaida huisha ukilala vizuri, ukipata wikiendi bila madaftari, au likizo ikifika. Uchovu wa kazi uliokomaa hausikii dawa hiyo. Unalala kwa muda wa saa nane na kuamka ukiwa umechoka vilevile. Unapumzika wiki tatu, na siku ya kwanza ya muhula unajiona kama hukupumzika hata siku moja.

Hali hii iliandikwa kitaalamu mwaka 1974 na mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, ambaye aliiona kwa watu waliokuwa wakitoa huduma kwenye kliniki ya bure huko Marekani: watu walioanza kazi na moyo mkubwa, kisha wakazimika kidogokidogo. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kuipima, nalo linaitazama katika pande tatu. Kwanza, nguvu za moyo zimekwisha na huna tena cha kumpa mtu. Pili, ubaridi: wale unaowahudumia wanakuwa mzigo, si watu. Tatu, unaona kazi yako haizai chochote.

Ule ubaridi ndio wa kuogopa kwa mwalimu, kwa sababu mwenyewe ndiye wa mwisho kuuona. Jisikilize unavyowataja wanafunzi ukiwa ofisi ya walimu. Mwalimu aliyekuwa akisema “Asha wangu leo kajibu vizuri” sasa anasema “wale wa darasa la sita”. Anayezoea kufanya utani darasani haufanyi tena. Dalili nyingine ni madaftari. Katika miaka yangu ya kufundisha kuna muhula nilibeba rundo la madaftari nyumbani kila Ijumaa na kulirudisha shuleni Jumatatu bila kufungua hata moja. Yale madaftari yalisafiri kuliko mimi.

Kwa hiyo ni ugonjwa?

Hapana. Katika toleo la kumi na moja la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeliweka jambo hili kama hali inayotokana na kazi, si maradhi. Linaeleza kuwa chanzo chake ni msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo.

Usiipite sentensi hiyo haraka. Kama chanzo kiko kazini, basi kumwambia mwalimu “jitahidi kujitunza” na kuiacha kazi ilivyo ni sawa na kukausha sakafu huku bomba linavuja. Hata hivyo, hali hii ikiachwa inaweza kufuatana na maradhi halisi, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopitiliza.

Sonona inatofautianaje na hiyo?

Kwa kawaida uchovu wa kazi huwa na anwani. Unakubana ukikaribia lango la shule na kulegea ukiwa mbali nalo. Sonona haina lango: inakufuata nyumbani, kwenye ibada na mbele ya watoto wako, na vitu ulivyovipenda vinakosa ladha hata siku ambayo hakuna kazi. Usingizi huharibika, ama kwa kukosekana ama kwa kuzidi. Hamu ya kula hubadilika. Wengi huanza kwa kulalamika mwili tu, kichwa, mgongo au tumbo, na huzunguka kwa madaktari muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za moyo.

Kuna dodoso fupi linalotumika sana katika vituo vya afya, PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 27. Ukifikisha 10 au zaidi, nenda ukaonwe na mtaalamu. Si hukumu kwamba unaumwa, ila ni sababu ya kutosha ya kutokaa kimya. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukijibu swali hilo kwa chochote kisichokuwa “hapana kabisa”, usihesabu alama nyingine: tafuta msaada siku hiyohiyo, hata kama jumla yako ni ndogo.

Kila kazi ina msongo. Kwa nini walimu walalamike kuliko wengine?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini swali ni la haki, na jibu lake lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kazi ya hisia. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege: mtu analipwa, pamoja na mengine, kwa kuonyesha sura ambayo huenda hana ndani. Mhudumu wa ndege hutabasamu mpaka ndege itue. Mwalimu akitoka darasa moja anaingia jingine, na kila darasa linamtaka akiwa mpya. Amefiwa, mwanawe anaumwa, amegombana na mwenzi wake usiku kucha, na bado saa mbili asubuhi lazima asimame akiwa mchangamfu mbele ya kundi la watoto wanaosoma uso wake kuliko wanavyosoma kitabu.

Ya pili ni madai makubwa yenye uhuru mdogo. Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kinachomuumiza mfanyakazi si wingi wa kazi peke yake, bali wingi wa kazi ukikutana na mamlaka finyu juu ya namna ya kuifanya. Sasa mtazame mwalimu. Mtaala umepangwa na wengine, ratiba na wengine, mtihani unatungwa na wengine, na matokeo yakiwa mabaya anaulizwa yeye. Hata haja ndogo inasubiri kengele. Wanaocheka hapo hawajawahi kufundisha vipindi vinne mfululizo.

Ya tatu, kazi hii haina ukingo. Daima kuna andalio la somo ambalo lingeweza kuwa bora zaidi, na daima kuna mtoto mmoja ambaye ungemfuatilia zaidi kidogo. Anayeipenda kazi ndiye anayezama kwanza, maana mvivu hujiwekea ukingo mwenyewe.

UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu, imekadiria kwamba dunia inahitaji walimu milioni 44 zaidi wa msingi na sekondari kufikia mwaka 2030, na hao si wa madarasa mapya pekee. Sehemu yao ni wa kuziba nafasi za wanaoondoka.

Jumapili jioni tumbo langu huvurugika. Ni kawaida?

Mara mojamoja, ndiyo. Ikiwa kila Jumapili, na sasa imesogea hadi Jumamosi, tumbo linakueleza jambo ambalo kichwa kinakataa kulikubali. Jaribu kuliandika: unaogopa nini hasa kesho? Mara nyingi si kazi yote. Ni darasa moja, mtu mmoja au kikao kimoja, na kitu kimoja kinaweza kujadiliwa.

Sisi si walimu. Mimi ni karani. Tunahusika?

Sana, na ni aibu kwamba swali hili bado linaulizwa. Mzazi anapofika na hasira, wa kwanza kuzipokea ni mlinzi getini, wa pili ni karani. Mpishi ndiye anayemjua mtoto anayekula kama hajala tangu jana. Matroni wa bweni ndiye anayesikia kilio cha saa nane usiku. Dereva wa basi la shule huona nyumba wanazotoka watoto. Wote hawa hubeba mambo mazito, na kwa kawaida hawaalikwi kwenye kikao ambacho mambo hayo yanazungumzwa.

Shule ikipanga semina ya afya ya akili, iipange saa ambayo mpishi hayuko jikoni na mlinzi ana wa kumpokea. Shule ikipata habari mbaya, wafanyakazi wote wazisikie kwa wakati mmoja na kwa maneno yaleyale. Nimeona mahali ambapo walimu waliitwa ofisini kuelezwa kifo cha mwenzao, na mfanya usafi aliyekuwa rafiki wa marehemu akazisikia habari hizo kwa watoto, uani.

Mimi ni mwalimu mkuu na sina fedha. Nifanye nini?

Punguza kabla ya kuongeza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu afya ya akili kazini, na kati ya mambo linayoyapendekeza ni kubadilisha mpangilio wenyewe wa kazi na kuwafundisha wasimamizi jinsi ya kutambua na kusaidia. Yote mawili yanahitaji ujasiri kuliko fedha.

Anza na karatasi. Kwa wiki moja, kila mfanyakazi aandike kila fomu, rejista, taarifa na jedwali analojaza, na mbele yake aandike nani analisoma. Utashangaa. Kuna taarifa ambazo zinaandikwa mara mbili katika madaftari mawili, na kuna nyingine hazijasomwa na mtu tangu aliyezianzisha ahamishwe. Futa zile zisizo na msomaji. Ukiogopa mkaguzi, muulize mkaguzi mwenyewe anataka nini hasa. Mara nyingi shule hujitwisha kuliko inavyodaiwa.

Kisha vikao. Kikao cha kusomeana matangazo si kikao, ni tangazo refu. Liandike ubaoni. Baki na vikao vya kuamua jambo, taja saa ya kumaliza, na iheshimu hiyo saa hata kama bado kuna mtu ana “la nyongeza kidogo”.

Simu nazo. Kundi la ujumbe la shule likilia saa nne usiku, kila mwalimu anarudi kazini akiwa kitandani. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kukata mawasiliano baada ya kazi. Huhitaji sheria kufanya hivyo. Tangaza kwamba baada ya saa fulani hakuna ujumbe wa kazi isipokuwa dharura, eleza dharura ni nini, halafu wewe mwenyewe uwe wa kwanza kunyamaza. Mwalimu mkuu akituma “hii si ya kujibu sasa” saa tano usiku, watu watajibu sasa.

Kusahihisha ndiko kunakokula jioni za watu. Si kila zoezi linahitaji maoni ya kalamu nyekundu. Wanafunzi wanaweza kusahihishiana kwa mwongozo, mwalimu anaweza kutembea katikati yao na kutoa maoni papo hapo, au kusoma madaftari kumi, kuona kosa lililoenea, na kulifundisha upya kesho yake kwa darasa zima. Lakini mwalimu hatathubutu hadi atakapojua kwamba siku ya ukaguzi wa madaftari hatagombezwa. Ruhusa hiyo aitoe mkuu, hadharani, na ikiwezekana kwa maandishi.

Mwisho ratiba. Mtu mwenye vipindi vitano mfululizo siku ambayo pia ni ya zamu yake amepangiwa kuchoka. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, lilisema tangu wakati huo kwamba saa za kufundisha zikipangwa, muda wa kuandaa masomo na kutathmini kazi za wanafunzi uhesabiwe pia. Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyohiyo kwa sababu yake. Tungeadhimisha vizuri zaidi tungelisoma.

Tuliletewa mtu wa kutufundisha kupumua. Inasaidia?

Kupumua polepole hutuliza mwili kweli, hasa pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Fanya dakika mbili kabla ya kuingia darasa linalokutisha. Ila kama somo hilo lilifanyika baada ya saa za kazi, kwa lazima, na watu wakasaini mahudhurio, mmeongezewa mzigo mmoja juu ya mingine.

Mwanafunzi alinieleza anayotendewa nyumbani. Nilitoa taarifa panapohusika, lakini sauti yake hainitoki.

Ulifanya lililo sahihi, na bado limekuumiza. Mambo hayo mawili hayapingani. Wataalamu wana jina la majeraha yanayompata msikilizaji, na Charles Figley ameandika sana juu yake tangu miaka ya 1990: anayewajali walioumia huweza kubeba dalili zao. Picha zinamjia bila kuitwa, anashtuka kwa kitu kidogo, usingizi unapotea, au anaanza kuwakwepa watoto wenye matatizo kwa kuhofia kusikia jingine.

Mambo matatu husaidia. Usibaki peke yako na habari hiyo. Huruhusiwi kumwaga siri ya mtoto ofisini, lakini unaweza kuzungumza na mshauri nasaha au kiongozi anayeshughulikia ulinzi wa watoto shuleni, nawe ukaeleza yaliyokupata wewe bila kurudia yote aliyosema mtoto. Ujue mpaka wa kazi yako: ulitakiwa kusikiliza, kuamini na kufikisha panapohusika. Hukutakiwa kuwa mpelelezi wala mwokozi. Na omba mrejesho. Mwalimu anayetoa taarifa kisha asisikie tena chochote hubaki akijiuliza usiku kama alimsaidia mtoto au alimponza. Hata neno “linashughulikiwa, yuko salama kwa sasa” hupunguza uzito.

Dalili zikipita mwezi mmoja, muone mtaalamu.

Tumefiwa na mwanafunzi. Tuwafanyie nini walimu?

Msaada wa kwanza wa kisaikolojia una vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani ameguswa zaidi, naye si lazima awe anayelia. Anaweza kuwa mwalimu wa darasa aliyekaa kimya akipanga viti. Sikiliza bila kumlazimisha mtu aseme. Muunganishe na anachohitaji, kuanzia wa kumshikia kipindi hadi mtaalamu.

Usiwakusanye watu wote siku ya pili na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona na alivyojisikia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao kimoja cha aina hiyo kwa watu waliotoka tu kwenye tukio la kutisha, kwani hakizuii madhara ya baadaye. Mlango uwe wazi, anayetaka aingie.

Kiti kitupu darasani ni jambo dogo linalosahaulika. Nani atakiondoa, lini, na wanafunzi wenzake wataambiwa nini? Mwalimu wa darasa asiachiwe kuamua peke yake asubuhi ya mazishi.

Mzazi alinitukana mbele ya wanafunzi. Niliambiwa nivumilie, ndiyo kazi.

Si kazi. Mkataba namba 190 wa ILO kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unaeleza kazi kwa upana, na unazingatia pia ukatili unaotoka kwa watu wa nje kama wateja au wanaohudumiwa. Andika siku hiyohiyo: saa, mahali, maneno yaliyosemwa, waliosikia. Usikutane tena na mzazi huyo ukiwa peke yako. Na kwa viongozi: swali la kwanza kwa mwalimu aliyetukanwa au kupigwa lisiwe “ulimfanya nini?” Swali hilo huumiza kuliko tusi, kwa kuwa linatoka kwa mtu wa nyumbani.

Naogopa kusema. Wataniita kichaa, au nitakosa kupandishwa cheo.

Hofu yako si ya kijinga. Unyanyapaa upo, na katika baadhi ya shule siri ya asubuhi huwa gumzo la saa nne. Kwa hiyo chagua mtu na chagua maneno. Hulazimiki kumtajia mkuu wako ugonjwa au dawa. Anachohitaji kujua ni athari kazini na ombi lako. Kwa mfano:

“Mwalimu mkuu, naomba dakika kumi zako. Wiki hizi silali vizuri na naona ubora wa kazi yangu unashuka. Nimeanza kutafuta msaada. Naomba kwa muhula huu nipunguziwe zamu ya jioni, na tuangalie tena mwisho wa mwezi.”

Hapo hujataja jina la maradhi, hujaomba huruma, na umetaja tarehe. Ukihofia kwenda peke yako, nenda na mwakilishi wa chama cha walimu au mwenzako unayemwamini. Mkutano ukiisha, andika mliyokubaliana na umpelekee nakala kwa upole.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini si kila anayekuuliza hali anastahili kuambiwa, na kuchagua msikilizaji si kuficha.

Mwenzangu amebadilika. Nimwambieje?

Mtafute akiwa peke yake, si mbele ya watu, na msikae mkitazamana kama usaili. Kutembea pamoja kuelekea kituoni hufungua midomo kuliko meza. Sema ulichokiona, si ulichokidhania: “Mwalimu, nimeona wiki mbili hizi huji kula nasi, na juzi uliondoka bila kuaga. Nimekukumbuka tu. Mambo yako vipi?” Kisha nyamaza. Kimya kitakusumbua wewe kuliko yeye.

Epuka “mbona wengine wana makubwa zaidi”, epuka “omba tu yataisha”. Kama ni mtu wa ibada, ibada itamfaa, lakini haitumiki kuziba mdomo.

Akisema maneno kama “bora nisingekuwepo” au “hivi karibuni sitawasumbua tena”, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi. Mara nyingi humpa mtu nafuu kwamba hatimaye kuna anayethubutu kusikia. Akikubali, usimwache peke yake, saidieni kuondoa karibu naye vitu vya kujidhuru, na mfikisheni kwenye huduma ya afya siku hiyo. Usimwahidi kulitunza kama siri. Hiyo ndiyo siri pekee isiyotunzwa.

Dawa za sonona zitanifanya mtumwa wake?

Dawa zinazotumika zaidi kwa sonona hazisababishi uraibu kwa maana ya kutamani kuongeza na kuongeza, ila huwezi kuziacha ghafla, maana mwili hulalamika. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Kuanza na kuacha ni kwa maelekezo ya daktari. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo ya kitaalamu peke yake mara nyingi hutosha.

Nakunywa kidogo jioni ili nilale. Kuna ubaya?

Pombe hukupa usingizi wa haraka na kukuvurugia wa baadaye, ukaamka saa tisa usiku ukihesabu vipindi. Ikiwa sasa huwezi kulala bila hiyo, mwambie daktari. Na kama umekuwa ukinywa sana kila siku, usiache ghafla bila kumwona. Kuacha ghafla kunaweza kuwa hatari.

Nimeanza kufundisha mwaka huu na najuta. Nimekosea kazi?

Mwaka wa kwanza si kipimo cha kazi, ni kipimo cha mapokezi. Shule nyingi huwapa wapya darasa lililokataliwa na wengine, chumba cha mbali na vipindi vilivyobaki, kisha hushangaa wanapoondoka. Omba mwalimu mmoja mzoefu wa kumuuliza maswali madogo usiyotaka kumuuliza mkuu, na omba kuketi darasani mwake hata mara mbili kwa muhula. Utagundua kwamba naye hupigiwa kelele. Hilo peke yake lina nafuu kubwa.

Na mimi mwalimu mkuu, nani ananiangalia?

Kinyozi hajinyoi. Wakuu wa shule hubeba siri za kila mtu na hawana ofisi ya walimu ya kwenda kunung'unika. Aliye chini yako hawezi kuwa mahali pako pa kulia, na aliye juu yako ndiye anayekupima. Wanaobaki ni wakuu wenzako. Wawili au watatu mkutane mara kwa mara, bila ajenda ya matokeo ya mitihani, na mkubaliane kwamba yanayosemwa hapo hayatoki. Vilevile ondoka shuleni mapema angalau siku moja kwa wiki, na uonekane ukiondoka. Walimu wako hutazama gari au miguu yako kuliko wanavyosoma waraka wako wa kujitunza.

Narudi kazini baada ya likizo ya ugonjwa. Wanafunzi wakiniuliza nilikuwa wapi?

Panga kabla ya siku yenyewe. Ikiwezekana rudi kwa hatua, vipindi vichache wiki ya kwanza na kuongeza taratibu, na usianze na darasa lililokuangusha. Mkubaliane na mkuu nini wenzako wameambiwa, ili usikute hadithi tano ofisini. Kiporo cha miezi miwili kisikungojee mezani: kilichosahihishwa na wengine kimesahihishwa, usikipitie upya.

Kwa wanafunzi, ukweli mfupi unatosha: “Nilikuwa naumwa, nikatibiwa, sasa naendelea vizuri. Nashukuru mmenikumbuka.” Mmoja atauliza ulikuwa unaumwa nini, kwa sababu daima yupo mmoja. Mwambie hilo ni la mwalimu na daktari wake, halafu muulize wewe: walipofikia ni ukurasa wa ngapi?